SOMO LA SIMU: KUPATA LAINI KWA JINA LAKO, KUIWEKA NA KUIWASHA

Ndugu wakimbizi wa vijiji vyote vya Nakivale,

Katika somo la leo tutajifunza namna ya kupata laini ya simu hapa Uganda, kuiweka ndani ya simu na kuiwasha. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

KISA CHA MAMA MMOJA

Mama mmoja wa kijiji changu aliibiwa simu siku ya soko. Simu yenyewe haikumwuma sana, kwa maana ilikuwa ya vitufe na betri yake imefungwa kwa mpira. Kilichomwuma ni namba. Namba hiyo ndiyo pekee aliyoijua mtoto wake aliyebaki Kivu ya Kaskazini, na mtoto huyo hana simu, huazima kwa watu akapiga.

Nilimsindikiza mama dukani kuomba laini irudishwe. Mhudumu alitazama katika mashine, akauliza jina la mwenye laini. Tukataja jina la mama. Akatikisa kichwa. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwanamume ambaye mama hajapata kumwona. Ndipo mama akakumbuka kwamba aliinunua njiani, kwa kijana aliyemwambia: "Mama, hii iko tayari, haina haja ya karatasi."

Tulirudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimezunguka nyumba kwa nyumba nikifundisha kunawa mikono na kutumia chandarua, lakini neno la laini sikuwa nimelisema. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. LAINI NI NINI?

Laini ni kadi ndogo yenye kipande cha rangi ya dhahabu. Simu ni mwili tu; kadi hiyo ndiyo inayoitambulisha kwa kampuni. Ukitoa kadi na kuiweka katika simu nyingine, namba inakwenda pamoja na kadi. Kwa hiyo simu ikiharibika namba haijapotea.

Kampuni nayo inaandika kwamba namba fulani ni ya mtu fulani. Mwenye laini ni yule aliyeandikwa. Aliyeishika mkononi, hata akiwa ameilipia, si mwenyewe kama jina lake halimo.

2. KARATASI ZINAZOTAKIWA

Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 inataka kila laini isajiliwe. Kwa muda wakimbizi wengi walipata taabu, kwa sababu maduka yalitaka kitambulisho cha mkimbizi na wengi walikuwa bado hawajakipata. Mwezi wa Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kutumia kimojawapo cha hivi viwili:

(a) kitambulisho cha mkimbizi, au
(b) karatasi ya familia, ile tunayoiita atestesheni, inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu.

Chukua karatasi yenyewe, usichukue kopi. Hakikisha tarehe yake haijapita. Angalia pia jina lako limeandikwaje. Kama karatasi imekosewa herufi, nenda kwanza ofisini isahihishwe, maana kosa hilo litaingia katika laini na baadaye hata katika pesa zako.

Ambaye hana karatasi bado, asinunue laini ya njiani. Mtu wa nyumba yake, kama mume, mke au ndugu mkubwa, anaweza kusajili ya kwake na nyumba nzima ikapokea simu kwa namba hiyo. Lakini mjue wote kwamba laini ni ya aliyeandikwa.

3. DUKANI

Nenda katika duka la kampuni au kwa wakala anayejulikana, mwenye mashine ya alama za vidole. Fanya hivi:

Kwanza, uliza bei kabla ya kutoa karatasi.

Pili, mhudumu anapoandika jina, omba kuliona. Usione haya. Kama hujui kusoma, nenda na mtu wako anayejua.

Tatu, hesabu mara unazoweka kidole. Hapa ndipo penye mtego. Wako watu wasio waaminifu wanaosema: "Mashine imekataa, weka tena." Kumbe ya kwanza imekubali, na ya pili inasajili laini nyingine kwa jina lako, ambayo atamwuzia mtu mwingine. Mtu huyo akitapeli watu, polisi watatafuta jina lililoandikwa, nalo ni lako. Mashine inaweza kukataa kweli, hasa kwa sisi tunaolima, maana vidole vimesuguliwa na jembe. Basi ikikataa, mwambie akuonyeshe maneno kwenye kioo. Nawa mikono, ipanguse, ujaribu tena.

Nne, usiondoke na kadi peke yake. Chukua pia ile kadi kubwa ilikokatwa, maana imeandikwa namba za siri zako. Tutaeleza chini.

4. KUIWEKA KATIKA SIMU

Kabla ya kutoa laini ya zamani, kwa mfano ile uliyokuja nayo kutoka Kongo, andika namba zote za ndugu katika daftari. Simu nyingine huweka majina ndani ya kadi, na ukiitoa yanaondoka nayo. Kadi hiyo usiitupe.

Kisha zima simu. Katika simu ya vitufe, fungua mgongo, toa betri, utaona kijumba cha kadi. Sukuma kadi taratibu, upande wa dhahabu ukitazama chini, na kona iliyokatwa ifuate mchoro. Katika simu za kioo, mara nyingi kuna kisahani pembeni kinachofunguliwa kwa kipini chembamba.

Kadi zina vipimo vitatu: kubwa, ya kati na ndogo. Kadi za siku hizi zimechorwa tayari, zinamegeka kwa kidole. Megea kipimo cha simu yako tu, usitumie mkasi. Ikikataa kuingia, usilazimishe. Igeuze utazame tena.

5. KUIWASHA

Rudisha betri, washa simu, ngoja. Jina la kampuni likitokea juu ya kioo, mtandao umeingia. Lisipotokea, zima na kuwasha tena baada ya dakika chache. Ikishindikana, rudi kwa aliyekusajili, ukiwa na karatasi yako.

Simu ikidai namba ya siri ya kadi, tazama ile kadi kubwa. Usibahatishe! Ukikosea mara 3 kadi inafungwa, na itataka namba nyingine ndefu ya tarakimu 8, iitwayo PUK, nayo imeandikwa pale pale. Ukikosea PUK mara 10, kadi imekufa. Namba hizi si namba ya siri ya pesa. Ile ya pesa unaichagua mwenyewe, wala usimwambie mtu, hata akisema anatoka shirika.

Mwisho piga simu ya jirani, uhakikishe namba inayotokea kwake ndiyo uliyoandikiwa.

6. KUWAPA NDUGU NAMBA

Ndugu aliye Kongo, Burundi au Tanzania hawezi kukupata kwa kuanza na sifuri. Ondoa sifuri ya mwanzo, weka +256 mbele. Alama ya + inapatikana katika simu nyingi kwa kubonyeza 0 na kuishikilia.

Tumia laini yako mara kwa mara. Ikikaa miezi mingi bila kazi, kampuni inaweza kuifunga na kumpa mtu mwingine namba hiyo.

7. IKIPOTEA

Nenda dukani mapema, ukiwa na karatasi uliyosajilia. Watapima vidole, watafunga kadi ya zamani, watakupa mpya yenye namba ile ile. Pesa iliyokuwemo inabaki yako. Haya yote mama yule aliyakosa kwa sababu ya jina.

Siku hizi ana laini mpya kwa jina lake, na namba ya mtoto inatafutwa kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Tunangoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Laini yako imeandikwa jina la nani? Kama hujui, utajuaje?
2. Kwa nini tunahesabu mara tunazoweka kidole?
3. Kadi kubwa ilikokatwa laini umeiweka wapi nyumbani?
4. Namba za ndugu zako zimeandikwa kwenye daftari?

Ambaye hakuweza kujibu swali la kwanza, aende dukani wiki hii na karatasi yake. Anayeogopa kwenda peke yake anitafute kijijini, tutakwenda pamoja.

Mhamasishaji wa jamii, Nakivale