Dondoo muhimu: Maumbo na ulinganifu mikononi mwa mtoto

Mzazi au mwalimu wa Songea hahitaji duka la vifaa: boksi tupu, vijiti vya chelewa na kanga vinatosha.

1. Anza na kukunja, si kuchora: nusu zikifunikana kabisa, mkunjo huo ndio mstari wa ulinganifu.
2. Mpe karatasi ya mstatili aikunje kona kwa kona; wengi huapa itafunikana, basi mwache ajionee inavyokataa.
3. Tandika kanga. Kwa kanga nyingi pindo na mji hulingana kushoto na kulia, ila jina huvuruga, usimwambie, aligundue.
4. Andika RUVUMA kwa herufi kubwa: R peke yake ndiyo haikunjiki ikalingana. SONGEA ni ngumu zaidi, kwani O, E na A tu ndizo hukubali, tena E hukunjwa juu kwa chini.
5. Panga vijiti 12 viwe miraba 4, miwili juu na miwili chini. Aondoe 2 ibaki miraba 2. (Mraba mkubwa nao huhesabiwa!) Njiti za kiberiti ziache jikoni.
6. Ukikata tangramu, ile chemshabongo ya Kichina ya vipande 7, tumia rula, na wembe ushike wewe.
7. Msambamba wa tangramu ndio msumbufu: kuuzungusha pekee hakutoshi, mara nyingine lazima ugeuzwe chali. Boksi lenye maandishi upande mmoja humfanya mtoto aogope kuugeuza.
8. Mraba uliosimamia kona bado ni mraba.