Kumlinganisha Mgeni na Aliyempisha Nafasi: Somo la Wastani kwa Madarasa ya Juu

Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, wastani hufundishwa kwa haraka. Mwalimu huandika namba tano ubaoni, watoto huzijumlisha, huzigawanya kwa tano, jibu hupatikana, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Hesabu yenyewe si ngumu. Kilicho kigumu, na ambacho aghalabu huachwa, ni swali linalopaswa kuitangulia: tugawanye kwa nini? Magunia ya mahindi ya kijiji yakigawanywa kwa idadi ya ekari hutoa jibu moja. Yakigawanywa kwa idadi ya wakulima hutoa jibu lingine. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini hayajibu swali moja. Shabaha ya makala haya ni kumsaidia mwalimu mwanafunzi aandae vipindi viwili ambavyo ndani yake swali hilo haliwezi kukwepwa.

Mfano tutakaoutumia unatoka mbali, katika mpira wa miguu wa Kimarekani, ambao kwa kweli huchezwa zaidi kwa mikono. Tumeuchagua kwa makusudi. Mwalimu atakayeleta darasani washambuliaji wa Simba na Yanga hatafundisha wastani, ataamua ugomvi. Mtoto aliyekwisha kuchagua upande hutafuta namba ya kumtetea mtu wake, na akishaipata haoni sababu ya kutafuta nyingine. Wachezaji wa mbali hawana watetezi darasani, na kwa hiyo namba zao husikilizwa.

Sheria za mchezo huo ni nyingi mno, na mwalimu asipoteze kipindi kuzieleza. Yafuatayo yanatosha. Kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Kati ya mistari miwili ya mwisho kuna yadi 100, na yadi moja ni pungufu kidogo ya meta moja. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Yaweza kusonga kwa kukimbia na mpira mikononi, au kwa kuurusha. Kazi ya kurusha ni ya mtu mmoja, ambaye tutamwita mrushaji. Wenzake hukimbia mbele, huwakwepa wapinzani, na kujaribu kuudaka kabla haujagusa ardhi. Hao tutawaita wadakaji. Kwa kila mdakaji huandikwa mipira mingapi alirushiwa, mingapi alidaka, na yadi ngapi timu ilisonga kwa mipira hiyo. Yafaa watoto watolewe nje kwa dakika kumi na mpira wa matambara, mmoja arushe na mwingine adake, na wa tatu ahesabu hatua. Wakirudi darasani watakuwa wameelewa zaidi kuliko ambavyo maelezo yetu yangewaelewesha.

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Mwezi Machi 2020, timu ya Minnesota Vikings ilikubali kumtoa mdakaji wake, Stefon Diggs, aende Buffalo Bills. Diggs alikuwa na umri wa miaka 26 na alikuwa ameichezea Minnesota misimu mitano. Mashabiki hawakuwa wamesahau tarehe 14 Januari 2018, alipodaka mpira katika sekunde za mwisho dhidi ya New Orleans Saints akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, yadi 61 kwa jumla, na timu ikashinda kwa pointi 29 kwa 24. Mtu wa namna hiyo haachi pengo dogo.

Miongoni mwa vitu ambavyo Minnesota ilipewa badala yake ni zamu ya 22 katika uteuzi wa mwaka huo. Kila mwaka timu za ligi hiyo huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuo vikuu. Tarehe 23 Aprili 2020, kwa zamu hiyo waliyoipata kwa kumtoa Diggs, Minnesota walimchagua Justin Jefferson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kijana wa miaka 20. Hivyo tangu siku ya kwanza jina lake lilitajwa pamoja na la mtu aliyempisha nafasi, na hilo ndilo linalotufaa sisi.

Tuanze na ulinganisho wa pupa. Katika mechi mbili za kwanza Jefferson alidaka mipira 5 tu kwa yadi 70, yaani wastani wa yadi 35 kwa mechi. Diggs, msimu uliotangulia, alikuwa na wastani wa yadi 75.3. Mwalimu asimame hapo na kuwauliza wanafunzi: je, Minnesota walikosea? Waache waseme. Wengi watasema ndiyo, na baadhi watasema kwa uhakika mkubwa. Kisha aandike mechi ya tatu: mipira 7, yadi 175. Watoto wakikokotoa upya watapata yadi 245 kwa mechi 3, yaani 81.7. Mechi moja imeupandisha wastani kutoka chini ya nusu ya ule wa Diggs hadi juu yake. Hakuna maelezo ya mwalimu yatakayoonyesha udhaifu wa wastani wa vitu viwili kuliko kuwaona wao wenyewe wakifuta jibu lao. Aongeze pia kwamba katika zile mechi mbili Jefferson hakuwa amepangwa kuanza, jambo ambalo namba 35 haikulisema.

Baada ya hapo jedwali liandikwe ubaoni kwa ukamilifu:

Diggs, Minnesota, 2019: mechi 15, alirushiwa 94, alidaka 63, yadi 1,130.
Jefferson, Minnesota, 2020: mechi 16, alirushiwa 125, alidaka 88, yadi 1,400.
Diggs, Buffalo, 2020: mechi 16; alirushiwa 166; alidaka 127; yadi 1,535.

Mstari wa tatu ufunikwe kwa karatasi kwanza. Darasa ligawanywe katika makundi, na kila kundi lipewe kigawanyo chake bila kujua cha wenzake. Kundi litakalogawanya yadi kwa mechi litampa ushindi Jefferson: 87.5 kwa 75.3. Litakalogawanya yadi kwa mipira iliyodakwa litampa Diggs: 17.9 kwa 15.9. Kundi la yadi kwa mipira aliyorushiwa mtu nalo litampa Diggs, 12.0 kwa 11.2, lakini litakalotafuta asilimia ya mipira iliyodakwa kati ya iliyorushwa litamrudia Jefferson, 70.4 kwa 67.0. Makundi yakisoma majibu yao kutatokea mabishano, na mwalimu asiyakatize upesi. Mabishano hayo ndiyo somo. Hakuna kundi lililokosea hesabu, na bado hawakubaliani.

Ndipo karatasi iondolewe. Diggs yule yule, aliyekuwa na yadi 17.9 kwa kila mpira aliodaka Minnesota, alipofika Buffalo alipata 12.1. Je, alichakaa kwa miezi michache? La hasha. Mwaka huo wa 2020 hakuna mchezaji katika ligi nzima aliyedaka mipira mingi kuliko yeye, wala aliyepata yadi nyingi kuliko zake. Kilichobadilika ni kazi. Minnesota ya 2019 ilipenda kukimbia na mpira. Diggs alirushiwa mara chache, na mara nyingi kwa mbali. Buffalo walimrushia karibu kila mara walipohitaji kusonga, karibu na mbali, na mrushaji wao Josh Allen alimtegemea kama mtu anavyotegemea mkono wake wa kulia. Mipira mifupi ikiongezeka, wastani kwa kila mpira hushuka, ijapokuwa mavuno yote yanaongezeka.

Hapa twaomba mwalimu mwanafunzi atulie kidogo, kwa kuwa hiki ndicho kiini cha jambo. Namba 17.9 haikuwa mali ya Diggs kama kimo chake kilivyo mali yake. Ilikuwa namba ya mtu pamoja na kazi aliyopewa, mrushaji aliyemrushia, na timu iliyompanga. Tuliposema kwamba Diggs alimzidi Jefferson yadi mbili kwa kila mpira, tulikuwa tukilinganisha kazi mbili huku tukidhani tunalinganisha watu wawili.

Kwa hiyo swali kwamba mgeni ameliziba pengo haliwezi kujibiwa kabla ya kuulizwa: la Diggs yupi? Kwa maoni yetu ulinganisho ulio wa haki zaidi, ingawa nao una kasoro, ni wa mwaka wa kwanza kwa mwaka wa kwanza. Mwaka 2015 Diggs, aliyechaguliwa katika zamu ya 146, alicheza mechi 13, akadaka mipira 52 kwa yadi 720: yadi 55.4 kwa mechi, na 13.8 kwa kila mpira. Ukimweka Jefferson wa 2020 kando ya kijana huyo, yule mgeni aliyeonekana kutotosha anakuwa mbele kwa kila kigawanyo.

Mwanafunzi mwerevu aweza kuuliza kuhusu ushindi wa timu, na asizuiwe. Minnesota walishinda mechi 10 kati ya 16 mwaka 2019, na 7 tu mwaka 2020. Buffalo walipanda kutoka 10 hadi 13. Yaonekana kana kwamba ushindi ulisafiri pamoja na Diggs. Lakini pointi walizopata Minnesota ziliongezeka bila yeye, kutoka 407 hadi 430. Zilizopaa ni pointi walizofungwa, kutoka 303 hadi 475, na mdakaji hazuii wapinzani kufunga. Mambo mawili yaliyotokea mwaka mmoja si lazima moja liwe limelizaa jingine.

Liko jambo moja ambalo haliingii katika jedwali. Kabla ya uteuzi, baadhi ya wachunguzi walimtilia Jefferson shaka. Chuoni mwaka 2019 alikuwa amedaka mipira 111 kwa yadi 1,540, lakini karibu muda wote alipangwa upande wa ndani, si pembeni kabisa ya uwanja ambako Diggs alizoea kusimama. Wakauliza kama ataweza kazi ya pembeni. Wadakaji wanne walichaguliwa kabla yake, na mwaka huo hakuna hata mmoja wao aliyefikia yadi zake. Mwaka 2018 alikuwa amecheza zaidi pembeni, ila rekodi nono ya mwaka wa mwisho ilikuwa imeufunika. Tumewaona walimu wanafunzi wakifanya vivyo hivyo katika mazoezi ya kufundisha. Msichana anayeandika kwa hati nzuri hupewa kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi, na muhula ukiisha huandikiwa kwamba ni hodari wa mwandiko lakini hesabu hazimudu, ingawa hakuitwa ubaoni kukokotoa hata mara moja. Kumwambia mtu kwamba hawezi jambo ambalo hajapewa si tathmini.

Na ninyi wenyewe, ndugu wanachuo, karibuni mtakuwa wageni. Wengi wenu mtapelekwa shuleni kujaza nafasi ya mtu, na jina lake mtalisikia kabla ya kuonyeshwa nyumba ya kulala. Tuseme aliyewatangulia alikuwa na wanafunzi 42 na 30 kati yao wakafaulu. Nanyi mkapewa 78 na wakafaulu 45. Atakayehesabu vichwa atawasifu, atakayetafuta asilimia atawalaumu, maana 71 imekuwa 58. Wote wawili wana namba sahihi. Mwalimu aliyejifunza kuuliza "tumegawanya kwa nini, na kazi ilikuwa ile ile?" hatavimba kichwa kwa sifa ya wa kwanza, wala hatavunjika moyo kwa lawama ya wa pili, na atakuwa na la kusema kikaoni. Zaidi ya hayo, atasita kabla ya kumwambia mtoto kwamba dada yake aliyepita darasa hilo alikuwa bora kuliko yeye.

Katika kuandika andalio la somo, kipindi cha kwanza kiishie kwenye mechi ya tatu ya Jefferson, na jedwali lingojee cha pili. Makundi yasizidi watoto sita. Desimali iwe moja tu. Mtoto anayehangaika na desimali ya tatu hupoteza swali lililomleta kwenye hesabu.

Kwa kazi ya nyumbani wapewe haya. Mwaka 2021 Jefferson alidaka mipira 108 kwa yadi 1,616, na mwaka 2022 mipira 128 kwa yadi 1,809. Msimu ulikuwa umeongezwa kutoka mechi 16 hadi 17, naye alicheza zote. Watafute wastani wa yadi kwa mechi na wa yadi kwa kila mpira kwa miaka mitatu, 2020 hadi 2022. Mmoja utapanda mwaka hadi mwaka, na mwingine utashuka kutoka 15.9 hadi 15.0 hadi 14.1. Waandike kwa sentensi tatu au nne, bila kutumia neno "bora", ni nini kilichotokea.