Jamii za Milango

Matetemeko ya Mei 2021 yalipopasua nyumba nyingi hapa Gisenyi, nilipata hamu ya kujifunza kuchora nyumba.

Katika programu ya Revit, mlango hauchorwi upya kila mara. Kuna jamii, iliyo kama kalibu ya matofali. Ndani yake mna aina, kwa mfano ya sentimita 80 na ya 90. Ukibadili aina, hata milango iliyokwisha kuwekwa ukutani hubadilika.

Nilitaka kupanua mlango mmoja, nikabadili kipimo cha aina. Milango yote 12 ikapanuka, na kuta zilizo kati ya milango na pembe zikapungua, nazo ndizo dhaifu nchi itetemekapo. Ilinipasa kwanza kunakili aina na kuipa jina jipya.

Basi, ndugu, kabla hujagusa kipimo jiulize: ni cha mlango huu, au cha jamaa zake wote?