Maana ya Kutokuwa na Upande

Amma baad. Ndugu zetu wa darsa hapa Garissa wametuuliza: Je, yafaa Muislamu awe mtu asiye na upande? Jawabu ni kwamba neno hili lina maana tatu, na kila moja ina hukumu yake.

Ya kwanza ni kujitenga na fitina. Walipopigana Waislamu baada ya kuuawa Sayyidna Uthman, Abdallah bin Umar na Saad bin Abi Waqqas, Mwenyezi Mungu awawie radhi, hawakuingia vitani. Walichelea kumwaga damu katika jambo ambalo haki yake haikuwabainikia. Kujitenga huku kuna udhuru.

Ya pili ni uadilifu wa hakimu na msuluhishi. Huyu ana jamaa zake, lakini hawapendelei. Zilipopigana koo za Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa koo mbali mbali, akiwamo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni, ili kila mama auze na kununua bila ya kubaguliwa kwa ukoo wake. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wakaafikiana katika Azimio la Al-Fatah. Wanawake wale hawakukana koo zao. Walilokana ni upendeleo. Na katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa kusimamisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu.

Ya tatu ni kunyamaza mbele ya dhulma iliyo wazi. Dereva akiliacha gari mlimani bila ya gea, hali waiitayo nyutro, gari halitulii; hufuata mteremko. Ndivyo alivyo anyamazaye: huchukuliwa na mwenye nguvu.

Tarehe 21 Disemba 2015, karibu na El Wak, wauaji walilisimamisha basi liendalo Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wale wangaliweza kusema, "Hili si letu." Wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kujitenga kwa Ibn Umar kulichelea kumwaga damu. Kujitenga kulikotakiwa siku ile kungaliimwaga.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kusema "mimi simo", jiulize: kunyamaza kwangu kwamhifadhi nani? Ikiwa kwamhifadhi dhalimu, umekwisha kuchagua upande.

Wabillahi taufiq.