Giaboksi ya Pili ya Land Rover: Ifahamu Kabla ya Kuifungua

Land Rover ya namna ya zamani ina giaboksi mbili, wala si moja. Ya kwanza unaijua, maana ndiyo unayobadilishia gia kila siku. Ya pili imefungwa nyuma yake, chini ya kiti cha katikati, nayo mafundi huiita transfa. Somo la mwezi huu lahusu hiyo ya pili: kazi yake, jinsi inavyoharibika, na jinsi mkulima mwenye spana na subira anavyoweza kuifungua kwa chini bila kuishusha giaboksi nzima.

Gari tunazozungumzia ni zile za Series II na III, ambazo ziliacha kutengenezwa mwaka 1985. Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962 na mashamba makubwa kuanza kugawanywa, Land Rover ilikuwa imekwisha zoeleka katika Bonde la Ufa. Lakini ikiwa gari lako ni One Ten ya mwaka 1983 au zilizofuata, transfa yake ni ya namna nyingine, yenye difu ya katikati, na usiifungue kwa kufuata maneno haya.

Nguvu ya injini hupita katika klachi na giaboksi kubwa, kisha huingia transfa kwa gia iliyo mwisho wa shafti kuu. Gia hiyo huizungusha gia ya kati, na gia ya kati huizungusha shafti ya kutokea. Shafti hii ya kutokea ina ncha mbili: ya nyuma huenda kwa magurudumu ya nyuma daima, na ya mbele huenda kwa magurudumu ya mbele pale tu unapoiunganisha.

Mkono mfupi wenye kichwa cha manjano, ukisukumwa chini, huunganisha magurudumu ya mbele katika gia za mwendo. Mkono wenye kichwa chekundu, ukivutwa nyuma, hutia gia za nguvu na kuunganisha magurudumu yote manne kwa mara moja. Katika gia za nguvu gari huenda polepole, lakini huvuta kwa nguvu mara mbili, au mbili na nusu, kwa kutegemea mwaka wa gari. Simamisha gari kabisa kabla ya kuuvuta mwekundu, kwani gia ya ndani huteleza na kuingia meno kwa meno. Ukiivuta gari likiwa mbioni utasikia meno yakilia, na kilio hicho hulipwa kwa fedha.

Ukitaka kuyaachilia magurudumu ya mbele, simama, vuta mwekundu nyuma, kisha uurudishe mbele. Wa manjano utaruka juu wenyewe kwa spiringi. Wako watu wanaoung'ang'ania wa manjano kwa mikono miwili mpaka wanaupinda.

Sasa shika jambo hili. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika matope ya Molo au Elburgon hakuna dhara, maana gurudumu huteleza kidogo na kujipatia nafasi. Lakini ukifika lami ya Njoro ukiwa bado umeunganisha manne, mpira haukubali kuteleza. Ni kama jozi mbili za maksai katika mnyororo mmoja, za mbele zataka hatua ndefu na za nyuma zazikataza. Shafti hujisokota, usukani huwa mzito, na mkono mwekundu hukataa kutoka. Usiupige nyundo. Rudi nyuma hatua chache kwa mstari ulionyooka na msokoto utafunguka.

Tuje kwa breki ya mkono, nayo yafaa isomwe mara mbili. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyofungwa nyuma ya transfa, na ngoma huzuia shafti ndefu inayokwenda kwenye difu ya nyuma. Kwa hiyo ukiifungua shafti ile, huna breki ya mkono hata kidogo, ingawa mkono wake umeuvuta mpaka mwisho. Na ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gurudumu hilo kuzunguka upande mmoja na lile la chini kuzunguka upande wa pili, na gari likashuka kutoka kwa jeki juu ya mtu aliyelala chini yake. Kwa hiyo tia kabari za mti mbele na nyuma ya magurudumu yote yaliyo chini. Kabla hujafungua kitu, vuta na mkono mwekundu nyuma, ili breki izuie ya mbele pia.

Gari likivuma, jua kwanza mvumo unatoka wapi. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, lenye kabari, weka mwekundu katikati, ambapo haushiki juu wala chini. Washa injini, tia gia ya tatu, achilia klachi taratibu. Gari halitakwenda, lakini gia ya kati itazunguka. Mvumo ukisikika, ugonjwa uko katika giaboksi kubwa au gia ya kati. Usiposikika, tafuta katika shafti ya kutokea au difu. Jaribio hili ni la bure, na limewaokoa wengi wasinunue difu wasiyoihitaji.

Kuifungua: acha gari lipoe. Fungua nati ya kumwagia oili iliyo chini ya transfa, nayo si ile ya giaboksi kubwa. Itazame oili. Vumbi jeusi la chuma ni la kawaida. Vipande vya meno si vya kawaida. Kisha tia alama kwenye shafti ya nyuma na kipande inachofungwa nacho, ili irudi ilivyokuwa, uifungue na uitoe pamoja na ngoma ya breki. Ngoma ikiwa imelowa oili, sili iliyo nyuma yake imekwisha, na hiyo ndiyo sababu breki yako ya mkono haishiki mlimani. Sili ni kitu cha bei ndogo.

Fungua nati zinazozunguka kifuniko cha chini, ukishushe. Sasa waiona gia ya kati. Shafti yake inashikwa na kibati kidogo upande wa nyuma, kitoe. Mwisho wa shafti una tundu lenye nyuzi: tia bolti inayolingana, uivute shafti kuelekea nyuma huku mkono mmoja ukiipokea gia kwa chini, maana ni nzito na itaanguka. Zipange washa mbili pana kama zilivyotoka. Beringi zake ni za sindano ndogo. Shafti ikiwa na vishimo au mistari mahali zinapozunguka, nunua shafti na beringi pamoja, wala si kimoja peke yake.

Wakati wa kurudisha, pima nafasi ya gia kwenda mbele na nyuma kwa vile vibati vya kupimia vali. Iwe kati ya milimita 0.1 na 0.2. Ikizidi, washa zimelika. Weka gasketi mpya, na ule mpira mwembamba wa duara ulio kwenye shafti uwe mpya pia. Kazi ya shafti ya kutokea na beringi zake mwachie fundi, kwani hupimwa kwa vibati vyembamba sana na kosa dogo huzichoma.

Jaza oili ya gia namba 90 mpaka ifurike kwenye tundu la kiwango, yapata lita 2.5. Giaboksi kubwa ina yake, lita 1.5, nayo uiangalie siku hiyohiyo. Ukiikuta imepungua na transfa imejaa kupita kiasi, sili iliyo kati yao imekufa, na oili inahamia upande wa pili bila tone kuonekana chini. Endesha juma moja, kisha pima zote mbili tena gari likiwa tambarare.