Kishikwambi kimoja, watoto 80

*Niko mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na karibuni naenda mazoezi ya kufundisha darasa la kwanza kijijini. Mkufunzi wetu anataka kila andalio la somo liwe na TEHAMA. Ninakokwenda kuna watoto 80 darasani, nami nina kishikwambi kimoja. Teknolojia naipenda, ila nahofia itakuwa pambo la siku ya kukaguliwa. Nifanyeje?*
*Mwalimu tarajali, Singida*

Hofu yako ina msingi, ingia nayo darasani.

Bila shaka umesikia majaribio ya Tanga ya 2017 hadi 2019, ya shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 2,700 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Mwanzoni, zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Habari ile hunifurahisha mpaka leo. Lakini kule kila mtoto alikuwa na kifaa chake, akirudia silabi mara atakazo bila kuchekwa na mtu, na vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Hata hivyo, wengi walibaki bila kujua kusoma. Watoto kama hao ndio wanaokusubiri wewe.

Kishikwambi kimoja ukikisimamisha mbele ya watoto 80, wa nyuma wataona mwanga tu. Kwa hiyo kifanye cha kusikiliza. Wenzake wakiwa wanaandika, mwite mtoto mmoja pembeni asome sentensi mbili, umrekodi. Jioni keti usikilize kwa utulivu. Utamjua aliyekariri ukurasa mzima bila kutazama herufi. Utamjua anayemeza “mw” na “ny”, na yule ambaye nyumbani husema Kinyaturu au Kinyiramba, hivyo Kiswahili cha kitabuni bado ni kigeni kwake. Mchana, katika kelele za darasa lile, hao wote wangekupita. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa kwanza, ufute sauti ukishazitumia, na picha za watoto zisiende WhatsApp kamwe.

Kuhesabu waachie vizibo vya soda na vijiti. Mtoto wa miaka 6 anatakiwa aishike kumi mkononi, aigawe saba na tatu, kisha airudishe. Kizibo cha kwenye kioo hakishikiki.

Kuhusu mkufunzi, usibishane naye. Kwenye andalio, sehemu ya zana, andika “rekodi za sauti za wanafunzi”, na chini yake utaje utakachobadilisha katika somo la kesho kwa sababu ya ulichosikia. Ukikosa cha kutaja, siku hiyo kishikwambi kibaki ofisini. Na akiuliza mbona hukuonyesha video, mtajie watoto watano uliowasikiliza jana, kila mmoja na silabi inayomshinda.