Figo, Mifupa na Vitamini D

Katika somo la biolojia mwanafunzi hufundishwa kwamba figo huchuja damu na kutoa mkojo. Katika somo jingine, aghalabu lile la lishe, hufundishwa kwamba ngozi ipigwayo na jua hutengeneza vitamini D, nayo vitamini hiyo huimarisha mifupa. Ni nadra masomo hayo mawili kukutanishwa. Hata hivyo, mtu ambaye figo zake zimeharibika kwa miaka mingi huweza kuumwa na mifupa, au kuvunjika nyonga kwa kuanguka kidogo tu, ilhali anaishi mahali penye jua tele mwaka mzima.

Kwamba jua la Afrika ya Mashariki latosha kutengeneza vitamini D si jambo la kubahatisha. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania waishio kwa desturi zao za asili. Wastani wa vitamini D iliyokuwamo katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa ni upungufu ni kile kilicho chini ya nanomoli 50. Basi kama mmoja wa watu hao angepatwa na ugonjwa sugu wa figo, je, akiba hiyo kubwa ingemkinga? Jibu ni kwamba isingemkinga vya kutosha, na sababu yake ilichukua karibu miaka 30 kufahamika.

Fumbo la mwaka 1942

Katika Chuo cha Tiba cha Peking Union, mjini Beijing, madaktari Liu Shih-hao na Chu Hsien-I walikuwa wakiwatibu wagonjwa waliolainika mifupa. Wengi wao walipona walipopewa vitamini D ya kawaida. Lakini wale ambao figo zao zilikuwa mbovu hawakunufaika, hata walipoongezewa dawa. Jambo la kushangaza ni kwamba wagonjwa hao hao walipata nafuu walipopewa dawa nyingine, dihaidrotakisteroli, ambayo umbo la molekuli yake lakaribiana sana na lile la vitamini D. Madaktari hao waliandika habari hiyo mwaka 1942, wakaupa ugonjwa wenyewe jina la kitaalamu lenye maana ya uharibifu wa mifupa utokanao na figo. Waliona kwa usahihi; kilichokosekana ni maelezo.

Maelezo yalikuja wanasayansi walipotambua kwamba vitamini D, jinsi itokavyo katika ngozi au katika mafuta ya ini la samaki, haifanyi kazi yoyote. Hapana budi ibadilishwe mara mbili. Mionzi ya urujuanimno huigeuza kolesteroli ya aina fulani iliyomo katika ngozi kuwa vitamini D. Damu huichukua vitamini hiyo hadi kwenye ini, na huko kundi la haidroksili, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja, hubandikwa kwenye kaboni namba 25. Umbo hilo lilitambuliwa mwaka 1968 na kikundi cha Hector DeLuca katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Kwa muda mfupi ilidhaniwa kwamba safari imekwisha.

Wakati huo huo, mjini Cambridge, Uingereza, Egon Kodicek na wenzake walikuwa wamebandika haidrojeni yenye mnururisho kwenye kaboni namba 1 ya vitamini D ili waweze kuifuatilia mwilini. Wakagundua kitu kimoja kilichotokana na vitamini hiyo ambacho kilikuwa kimepoteza haidrojeni yake yenye mnururisho. Dalili ilikuwa wazi: mahali fulani mwilini kaboni namba 1 ilikuwa inashughulikiwa. Lakini wapi? Mwaka 1970 David Fraser na Kodicek walijibu swali hilo kwa jaribio ambalo lafaa kusimuliwa katika kila darasa la fiziolojia kwa jinsi lilivyo rahisi kueleweka. Panya walioondolewa figo hawakuweza kutengeneza kitu hicho. Figo za kuku zilizosagwa, zikawekwa pamoja na vitamini hiyo ndani ya chombo cha maabara, zilikitengeneza. Mwaka uliofuata vikundi vya Cambridge, Wisconsin na California vilithibitisha umbo lake: ni vitamini D iliyobandikwa haidroksili mbili, moja kwenye kaboni namba 25 na nyingine kwenye kaboni namba 1. Leo huitwa kalsitrioli.

Hapo fumbo la Beijing likafumbuka. Katika dihaidrotakisteroli pete moja ya molekuli imegeuka, na haidroksili iliyo kwenye kaboni namba 3 imekaa mahali ambapo ile ya kaboni namba 1 ingekaa. Dawa hiyo haikuihitaji figo.

Yafaa pia kusema kwamba jina la vitamini, lililotolewa mwaka 1922, lapotosha kidogo. Kitu kinachotengenezwa na kiungo kimoja, kikasafirishwa na damu, kikaamrisha viungo vingine, ni homoni. Kiasi chake katika damu ni kama sehemu moja tu katika elfu ya kile kilichotoka kwenye ini.

Jinsi mifupa inavyokopwa

Kazi kubwa ya kalsitrioli ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalisi iliyomo katika chakula. Kiasi cha asilimia 99 ya kalisi ya mwili imo katika mifupa na meno. Ile asilimia moja iliyosalia ndiyo inayoendesha misuli, neva na moyo, na mwili haukubali ipungue hata kidogo. Nyuma ya tezi ya shingo mna tezi nne ndogo, ziitwazo parathiroidi, ambazo kazi yake ni kulinda kiwango hicho. Kalisi ya damu ikishuka, hutoa homoni yao, na homoni hiyo huichota kalisi kutoka kwenye mifupa.

Vitabu vya zamani vilieleza kwamba figo inapoharibika, nyama yake hupungua, na kwa hiyo kalsitrioli hupungua. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayakukamilika. Mwaka 2000 ilitambuliwa homoni itokayo katika mifupa yenyewe, ipewayo jina FGF23. Figo zinapoanza kudhoofika, fosfati itokanayo na vyakula huwa ngumu kutolewa kwa mkojo. Mifupa huongeza FGF23 ili kuzisukuma figo zilizobaki zitoe fosfati zaidi. Lakini homoni hiyo hiyo huzuia kimeng'enya cha figo kinachotengeneza kalsitrioli. Kwa hiyo kalsitrioli huanza kushuka mapema, fosfati ya damu ikiwa bado ya kawaida na mgonjwa hajui lolote.

Kutoka hapo mambo hufuatana. Utumbo hufyonza kalisi kidogo. Tezi za parathiroidi hufanya kazi kupita kiasi, tena kalsitrioli ambayo kwa kawaida huzituliza imepungua. Mifupa hukopwa bila kulipwa. Na kalisi iliyochotwa haipotei yote. Inapokutana na wingi wa fosfati katika damu, sehemu yake huganda katika kuta za mishipa ya damu, ikaifanya kuwa migumu, na moyo ukalemewa. Wagonjwa wengi wa figo hufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Mfupa unakosa kile ambacho mshipa unapewa usikitake.

Kipimo kinasema nini?

Daktari anapoagiza kipimo cha vitamini D, maabara kwa kawaida hupima ile iliyotoka kwenye ini, siyo kalsitrioli. Ile ya ini hudumu katika damu kwa wiki mbili au tatu, hivyo huonyesha vizuri akiba ya mwili. Kalsitrioli hudumu saa chache tu. Kwa mtu mwenye figo nzima kipimo hicho hutosha. Kwa mgonjwa wa figo chaweza kuonyesha akiba ya kutosha ilhali bidhaa yenyewe haitengenezwi. Aghalabu, hata hivyo, akiba nayo huwa pungufu, kwani figo zinazovuja protini hupoteza katika mkojo ile protini inayobeba vitamini D, na mgonjwa aliyedhoofika hutoka nje mara chache.

Kwa kuwa wenye vitamini D kidogo walionekana kuwa na figo mbovu zaidi, wengi walitumaini kwamba kuwapa vitamini hiyo kungezihifadhi figo. Tumaini hilo lilijaribiwa. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuata kwa miaka 5 watu wazima wapatao 1,300 wenye kisukari. Waliopewa vitamini D hawakuhifadhi uwezo wa figo zao kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mambo mawili yaweza kwenda pamoja bila moja kuwa chanzo cha jingine, na hapa mwalimu wa hisabati pia anao mfano wa kutumia.

Kalsitrioli yenyewe hutengenezwa viwandani, na wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine hupewa ili kuzituliza tezi za parathiroidi. Lakini ikizidi huongeza kalisi na fosfati katika damu, na madhara ya mishipa yaliyotajwa yakazidi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2017 ulishauri kwamba isitolewe ovyo kwa watu wazima ambao hawajafikia hatua ya mashine. Vidonge vya vitamini D na kalisi vinauzwa madukani bila maswali. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, kuvinunua bila kupimwa damu ni hatari.

Kwa wanafunzi wanaotaka kuona jinsi mfupa ulivyo bila kalisi, mfupa wa paja la kuku uliosafishwa nyama hutosha. Upimwe uzito, utumbukizwe katika siki, na siki ibadilishwe kila siku kwa muda wa siku 5 hivi. Utakapotolewa, ukaoshwa na kukauka, utakuwa mwepesi zaidi na utapindika kama mpira, maana kilichobaki ni protini tupu. Mwanafunzi makini atauliza kama damu ya mgonjwa wa figo ina siki. Haina; lakini figo ndizo zitoazo asidi mwilini, na zinaposhindwa, asidi hulimbikizika katika damu na kuimomonyoa mifupa. Ni dhaifu mno ikilinganishwa na siki ya chupani, ila hufanya kazi usiku na mchana kwa miaka.